Mtambo wa Simu, Saa Nane Usiku

Programu mpya nimeilaza upande wa pili wa diski.
Ya zamani sikuifuta:
mbachao hauachwi kwa msala upitao.

Nikabonyeza. Taa zikafa safu kwa safu,
na kisiwa kizima, toka Kibokoni hadi Tudor,
kikawa bubu.
Feni tu zavuma. Na Mwinyihaji mlangoni,
kahawa imepoa mkononi,
hathubutu hata kupiga chafya.

Dakika nne. Tisa. Kumi na moja.
Kijani kimoja. Kingine.

Simu ya kwanza ya majaribio niliipiga nyumbani.
Mama akaidaka:
"Nani amekufa?"
"Hakuna. Hesabu mpaka kumi, nisikie laini."
Akahesabu,
akinilaani baina ya saba na nane.