Usisugue

Huku Hull, usiku wa tarehe nne Novemba,
watoto wana ruhusa ya mila isiyo na mwandishi:
kung'oa malango ya watu, kupaka vitasa vya milango sukari guru,
kisha kukimbia.
Nami nilikimbia, zamani.
Goti langu la kushoto bado linatoa ushahidi.

Kwa hiyo nilipofungua pazia sikupiga kelele.
Nilisema tu, "Ala."

Gari ni la kaka yangu Clifford.
Rova ya kijani iliyokolea kama chupa ya mvinyo,
aliyoipaka rangi mwenyewe bandani
kiangazi kizima, matabaka tisa,
kila moja likingojewa likauke,
redio imezimwa ili vumbi lisicheze.
(Ndivyo alivyosema: vumbi lisicheze.)
Tabaka la tisa lilikauka Agosti.
Krismasi yeye hakuifikia.

Mayai matano.
Mawili kwenye boneti, moja mlangoni,
moja kwenye kioo, na kioo husamehe,
la tano ukingoni mwa paa: liliteremka,
likakauka katikati ya safari.

Nikatoka na gauni la kulalia, mkononi sponji ya sufuria,
upande ule unaokwaruza.

"Usisugue!"
Ni Ewa wa nambari kumi na nne, anayenyoosha mabodi gereji,
mkate mdomoni, buti mguu mmoja.
"Ganda ni msasa, Maureen. Ukisugua, unaandika.
Na ute ukikauka hujikaza, huondoka na rangi.
Leta maji ya vuguvugu. Si ya moto!
Ya moto yatalipika yai hapohapo,
na itabidi tutafute chumvi."

Tukailaza Rova mataulo yaliyolowa
kama wauguzi na mwenye homa.
Tukangoja. Kungoja ndiyo kazi, alisema Ewa,
mikono ni vibarua tu.

Katika kungoja nikaokota ganda nyasini.
Lina muhuri mwekundu: simba mdogo,
tarehe kumi na saba, namba ya shamba.
Nikaingia jikoni, nikafungua jokofu.
Simba yuleyule. Tarehe ileile.
Matundu sita tupu kwenye trei.

Kikulacho, nikajisemea, ki jokofuni mwako.

Maana juzi jioni Ellis wa ng'ambo ya barabara
alibisha, nywele zimechanwa kwa maji:
"Mama anaomba mayai, anaoka keki."
Nikampa sita. Nikamwongezea na unga.
(Unga, nilikuja kusikia, ulimfikia mchungaji.)

Sikwenda kwao.
Nilimngoja apite kwenda shule.
"Ellis. Keki iliiva?"
Masikio yakamwiva yeye.
Nikampa taulo. "Kutoka juu kwenda chini,
kisha geuza upande safi. Na usi—"
"Nisisugue," alisema. "Nimesikia. Mtaa mzima umesikia."

Alichelewa shule kwa saa nzima.
Ewa alimsimamia, mikono kifuani,
halafu akamwonyesha nta: kidogo,
kwa kitambaa laini, kwa miduara,
kama unayembembeleza farasi asiyekujua.

Alipomaliza akatia mkono mfukoni mwa koti,
akatoa la sita.
Zima, lenye joto la mwili wake.
"Hili sikuweza," alisema.
Hakueleza. Nami sikumwuliza.
Nililila kwa mkate mkavu, saa tano, nimesimama.

Nta imeshika. Mvua ikinyesha
hubingirika juu ya boneti kama shanga zilizokatika uzi.
Lakini mlangoni pamebaki alama, upana wa sarafu:
hapo la tisa limebanduka
na chini yake kijani changa kidogo, kisicho na mng'ao.

Ewa anasema ana mashine, dakika kumi tu, inafutika.
Namwambia wiki ijayo.
Sasa ni Machi, bado namwambia wiki ijayo.

Lile la nane nilikuwa sijawahi kuliona.