Mstari wa Saba

Mwalimu Lechipya, makadirio nimeyapata.
Karatasi imekunjwa mara nne, ina doa la mafuta ya kula,
na mstari wa saba umeupitishia kalamu nyekundu.
Wa sita umeuacha: taa za vioo za sebuleni.
Tena umeongeza mbili.
Kwenye wa saba umeandika pembeni:
*Cha nini? Si breka zipo?*

Zipo.
Breka inalinda waya.
Inangoja ampia ishirini zizidi,
inangoja shoti, inangoja harufu ya plastiki.
Moyo wa mtu hauna subira hiyo.

Baba yangu alikuwa karani wa zabibu kule Hombolo.
Alikaa getini na daftari:
kreti zilizotoka zimejaa, kreti zilizorudi tupu.
Wezi hakuwajua kwa majina, wala mbio hakuwa nazo.
Alijua kutoa, ile ya darasa la pili.
Zikitoka arobaini zikarudi thelathini na tisa
alifunga geti,
na lori zima likasimama juani
hadi ile moja ielezwe ilipo.

Huyo ndiye mstari wa saba.
Anakaa mlangoni pa soketi zako zote,
anahesabu umeme uendao, anahesabu umeme urudio,
na zikipungua miliampia thelathini tu,
maana zimepita njia nyingine,
maana huenda zimepita kwenye mtu,
anafunga
kabla hujamaliza kuita "mama".

Utasema erthi tunayo.
Tunayo. Nondo ya shaba, mita moja na nusu,
niliipigilia Agosti nyuma ya choo
na nyundo ikanirudia mkononi kila pigo.
Mwalimu, hapa ni Nzuguni.
Udongo huu unakunywa miezi minne
na minane unakaa na kiu yake.
Nimefukia mkaa. Nimefukia chumvi ya mawe.
Nimemwomba mama Sechelela amwage hapo maji ya vyombo.
Bado mita inasoma omu mia moja na arobaini.
Ulifundisha hesabu, gawanya mwenyewe:
volti mia mbili na thelathini kwa hizo.
Hazifiki ampia mbili.
Breka ya ishirini haitageuka hata ubavu,
na bati la jokofu lako litabaki na umeme
likimngoja mtoto aliyetoka kuoga.

Sitakuficha.
Chang'ombe, mwaka wa kwanza wa leseni yangu,
mwenye nyumba alifuta mstari huu huu
nami nikanyamaza, nilikuwa na kodi ya chumba.
Binti yake akatumbukiza hita kwenye ndoo ya bati.
Mkono ukaganda pale
mpaka kaka yake alipochomoa plagi.
Alipona.
Juzi nimenunua kwake nyanya, soko la Majengo.
Chenji alinirudishia kwa mkono wa kushoto
akaniomba radhi, kwamba wa kulia haushiki vizuri.
Hakunijua.
Sarafu zile ziko kwenye boksi la bisibisi.
Sijaweza kuzitumia.

Basi karatasi yako inarudi.
Nimeuandika upya mstari wa saba kwa wino wa bluu
na taa moja ya vioo nimeipunguza; bei inakaribiana.
Ukifuta tena, tafuta fundi mwingine,
nondo nakuachia.

Ukikubali, kuna kitufe kidogo chenye herufi T.
Kibonyeze kila mwezi, siku ya kununua LUKU.
Utasikia *ta!*
Redio itakatika katikati ya habari,
jokofu litashusha pumzi.
Usiogope. Kipandishe tena.
Baba naye, hata msimu usio na wizi,
alilifunga geti mara moja alfajiri,
hakuna lori, hakuna mtu,
aone tu kama komeo bado linashika.