Saa Moja na Dakika Ishirini na Tano

Mwongozo wa somo una kurasa nne.
Bi Danica Vukasović ameuandika mwenyewe,
bila mchoro, bila karibu, bila tafadhali.
Saa moja na nusu, wasema ukurasa wa kwanza,
maana yake ni saa moja na dakika ishirini na tano.
Kucha fupi. Nywele zifungwe.
Kalamu ya risasi, si wino, kwa kuwa mgonjwa hubadilika.

Hapa Punta Arenas upepo wa Novemba
humng'oa mtu barabarani kama kitunguu.
Manispaa imetufungia kamba kwenye kona;
tunazishika, tunajivuta hadi chuoni,
vinywa vimefumbwa.

Siku ya kwanza nilitoka zamu ya usiku kiwandani,
kaa mia nne, kila mmoja na miiba yake,
nikakuta mlango una komeo.
Nikagonga. Ukafunguka upana wa pua.
"Ni upepo, Bi Mwalimu."
"Upepo," akasema, "haujasajiliwa katika somo hili."
Kwenye daftari jeusi akaandika:
Yasna Oyarzo, saa moja na dakika thelathini na tatu.
Komeo.

Wiki sita nilimchukia
kwa bidii kuliko nilivyosoma.
Kisha nikaanza kumjua kama mke mgeni anavyojua
nyumba ya mama mkwe: kikombe kipi hakiguswi,
swali lipi huulizwa mara moja tu.
Kunawa mikono, sekunde arobaini. Alihesabu kwa sauti.
Nilipofunga bomba kwenye thelathini na nane
akaanza upya: moja.
Sabuni iliniingia kwenye mikwaruzo ya kaa.
Aliiona. Hakusema neno.
Kesho yake palikuwa na kopo la mafuta ya kondoo kando ya bomba,
na kibandiko: La kila mtu.
Mwandiko ule ule usiojua tafadhali.

Mtihani wa vitendo: mzee Anselmo Mansilla, wodi ya tatu,
aliyekata manyoya ya kondoo miaka hamsini.
Orodha ilikuwa na visanduku ishirini na viwili.
Nikavijaza vyote. Mapigo sabini na sita.
Shuka likanyooka kama maji ya beseni,
na mzee nikamgeuza kama ukurasa.
Nikafeli.

"Nimeacha kipi?"
"Hukumsalimu."
"Salamu haimo kwenye orodha."
"Haimo," akakubali,
na kukubali kwake ndiko kulikoniudhi hadi nyumbani.

Nikarudia Alhamisi. Mzee alikuwa amelala.
Nikasimama na shuka langu mkononi, nikangoja.
"Umeamkaje, mzee?"
Naye akanieleza alivyoamka:
dakika kumi na moja, zenye goti bovu,
kondoo dume aliyemvunja mbavu mbili,
na marehemu mkewe Ercira, ambaye alikoroma.
Nikatandika huku nacheka. Nikapita, kwa alama ya mwisho kabisa.
Pembeni mwa karatasi, kwa kalamu ya risasi:
Mkunjo, upande wa kushoto.

Jumatatu hii upepo umechukua bati la duka la rangi.
Tulikuwa ndani kwa wakati,
watu kumi na tisa, kucha fupi,
tukikitazama kiti chake.
Ikafika nusu. Hayupo.
Dirishani nikamwona kwenye kona,
mdogo kuliko nilivyomdhani,
koti limemfunika kichwa, kaikumbatia kamba
kama mtu aliyekutana na nduguye bandarini.
Mirko, aliyekaa karibu na mlango, akaweka mkono kwenye komeo,
akatugeukia.
Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema usifanye.
Mkono wenyewe ukarudi mfukoni.

Aliingia nywele zimesimama wima.
"Habari za asubuhi," akasema.
Akatazama saa, akafungua daftari jeusi,
na chini ya majina yetu akaandika la kwake, polepole,
na dakika zake zote nne.

"Ni upepo tu, Bi Mwalimu," mtu akamwambia kwa upole.

Hakuinua macho. Alikuwa anachonga kalamu.
"Haujasajiliwa," akasema.