Mbukwa

Simu hii haikuwahi kuita Dodoma.
Baba aliipokea Dar, mwaka wa tisini na sita,
kwa mnunuzi wa zabibu aliyeshindwa kulipa kreti arobaini:
nzito kama tofali la kuchoma, antena ya kuvuta,
na mtandao wake ukikomea kule kule pwani.

Akaja nayo hivyo hivyo.
Miaka mitatu aliitembeza sokoni Majengo,
akiiweka sikioni mbele ya bucha la Chiloleti,
akipaza sauti: "Hallo! Hallo, Dar! Kreti ngapi?"
kisha ananyamaza kwa adabu, anamsikiliza mtu asiyekuwepo,
anacheka panapostahili kucheka.
Wakamwita Ndahani Hallo.
Shuleni mimi nikawa Binti Hallo,
nikaichukia ile simu kuliko mlenda uliolala.

Leo nina meza Chang'ombe, kompyuta ya mtumba,
na kadi ya redio isiyozidi viberiti viwili.
Kadi haikuzaliwa na kazi.
Unaiandikia programu, inakuwa redio ya kusikilizia mpira;
unafuta, unaandika tena, inakuwa mnara.
Mnara! Wa mtandao uliozimwa zamani,
chuma chake pengine kimeshakuwa nondo za ghorofa la mtu.
Nimeusimamisha upya kwa mistari ya maandishi,
nguvu kiduchu, isivuke ukuta wa sebule
(mawimbi yana wenyewe, na wenyewe wana faini).

Betri ilikuwa maiti; nikaitumbua,
nikaishindilia seli za tochi.
Wiki mbili simu ikatafuta, haioni,
kitaa chekundu kikiwaka na kuzima kama jicho la mgonjwa.
Kosa lilikuwa langu:
alama ya kutoa mahali pa kujumlisha.

Katika yote niliyojifunza, kimoja kilinikalisha chini.
Mtandao wa zama zile, mnapoongea,
hupitisha pembeni mwa maneno yenu mlio mwembamba,
mizunguko kama elfu sita kwa sekunde, sikio halipewi,
na simu huurudisha ule ule, bila nyongeza.
Ukirudi, upo.
Usiporudi, unakatwa.
Sisi Wagogo jambo hilo hatukufundishwa na redio.
Mbukwa, unasema njiani.
Mbukwa, unajibiwa.
Neno lile lile linakwenda na kurudi,
na katikati yake mtu anajulikana kuwa hai.

Jumapili nikamkalisha baba sebuleni,
macho yameingia ukungu, vidole bado vya kupogolea mizabibu.
Nikaingia chumbani. Nikabonyeza.

Ikaita.

Si kwa nyimbo hizi za siku hizi; ililia
kama kengele ya baiskeli iliyomezwa na kitu.
Mara nne. Mara saba.
Nikachungulia mlangoni: ameishika kwa mikono miwili
kama kuku anayetaka kuruka,
yeye, aliyeongea na upepo miaka mitatu
asikose la kusema.

Hatimaye akapokea.
Hewa ikafunguka, shaaa, kama uwele ukipepetwa.
Simu za leo hukatika vipande vipande; hii hufifia,
sauti inakuacha kama mtu anayepotelea shambani,
mgongo wake bado unauona.

"Baba?"
Kimya.
Kwenye kioo cha kompyuta mlio ulikwenda, mlio ukarudi,
ukaenda, ukarudi.
"Baba, uko wapi?"

Akakohoa. Akainua ile sauti ya bucha:
"Niko Dar! Leteni kreti arobaini!"
Kisha taratibu, mdomo karibu kugusa plastiki:
"Mbona umekawia hivi kupiga?"

Sikujua anamwambia nani.
Sikukata.