Daftari la Usajili

Daftari ninalo mimi, la jalada jeusi,
kurasa zimevimba kwa jasho la kwapa
tangu Nyuki wa Maweni waingie ligi ya kaunti.
Kwa hiyo msinipandishie sauti.
Humu hamna kelele. Humu mna majina.

Tuanze na Kenga, kwa kuwa mnampenda.
Magoli kumi na manne, na lile la Watamu
lililomkalisha kipa chini
kama mtu aliyesahau kilichomtoa nyumbani.
Mwenyekiti Thoya anasema: jicho langu.
Kocha Fumo: mazoezi yangu.
Mahfudh wa spea za tuktuk: pesa zangu,
elfu kumi na mbili na njumu za mtumba.
Hata kinyozi wa stendi, aliyemnyoa mara moja, tena kwa deni,
huwaambia wateja, "Yule nilimtengeneza mimi."

Haya, sikilizeni.
Tuliyemtaka ni Kenga Karisa,
beki mrefu wa mashamba ya chumvi Gongoni,
sifa zake zimefika Marereni.
Barua niliandika mimi, usiku, stima imepotea,
mwanangu ana homa, simu ina asilimia nne,
nikaandika Kenga Baya.
Jumamosi akashuka kijana mfupi na begi la shule,
akasema, "Nimeitwa."
Hakuna aliyekuwa na nauli ya kumrudisha.

Ndiyo hekima yetu hiyo. Homa na giza.

Sasa Mwadime.
Mbona viti vinalia?
Huyu hatukumwokota gizani.
Huyu mlimtazama mara kumi na tisa kwenye simu ya Kocha,
mkipokezana kama mtoto mchanga.
Thoya akafunga safari hadi Voi kumwona kwa macho,
akarudi na risiti ya pilau mbili.
Elfu thelathini na tano.
Ukurasa wa ishirini na saba, wino wa kijani:
waliohudhuria, kumi na mmoja;
waliokubali, kumi na mmoja.
Mkono wangu ulitangulia juu.
Niseme kweli, nilipenda anavyocheka kwenye ile video.

Mechi tisa. Goli hakuna.
Na angalieni ndimi zenu zilivyogeuka:
Kenga "nilimleta",
Mwadime "aliletwa".
Aliletwa na nani? Na mafuriko ya Sabaki,
kama gogo, akakwama hapa kwetu?
Mahfudh anasema yeye hutoa pesa tu, mpira haujui.
Kwa Kenga aliujua sana.

Mshambuliaji wa kati mkampeleka pembeni
ili kati acheze mpwa wa mtu, simtaji, yupo safu ya pili.
Mkamlaza stoo, katikati ya matairi,
akija mazoezini ananuka grisi.
Posho yake tangu mwezi wa Ramadhani ni neno "kesho"
nililoliandika mara sita kwa mkono huu.
Chema chajiuza, Thoya hupenda kusema.
Sawa. Na kilichofungiwa stoo kijiuze kwa nani?

Juzi asubuhi alinigongea mlango.
Jezi nambari tisa, imefuliwa, imepigwa pasi,
imekunjwa kama shati la Idi.
Pesa hakuuliza.
Aliuliza, "Katibu, mlinitakia nini?"
Nikafungua daftari hapo hapo kizingitini,
nikapekua mbele, nikapekua nyuma.
Tarehe ipo. Kiasi kipo. Sahihi zipo, na ya Thoya ina mkia mrefu.
Sababu hatukuandika.
Akasema si neno, basi la Mombasa linaondoka saa mbili.

Nimeandika: jezi moja imerudi. Safi.
Chini yake nimechora mistari kumi na mmoja,
na wa kwanza nimeshatia jina langu.
Kalamu hii hapa, Mwenyekiti.
Inavuja kidogo. Angalia vidole.