Haitoki P

Saa kumi na mbili na robo, Limbani, Wete.
Gari imewaka, inanguruma vizuri tu,
redio inasoma vifo vya jana,
nami nakanyaga breki, nabana kitufe, navuta:
gia haitoki P.

Navuta tena. Bismillahi.
Imeng'ang'ana kama kupe sikioni mwa ng'ombe.
Nyuma mikate ya kumimina inapoa,
na wateja wangu wa Chake
hawanywi chai kwa udhuru.

Nampigia Asaa, Maskati.
"Ivute kwa nguvu." Naivuta.
"Usiivute hivyo, utaivunja!
Kwani breki umekanyaga kweli?"
Mume wangu, nimekanyaga hadi ndara imebonyea.
"Basi iache. Nikija mfunguo nane nitaitazama."

Leo tumo mfunguo tatu.

Shaame katoka na mswaki mdomoni,
kawaita wenziwe wawili, wanasukuma.
Wanaume watatu, jasho,
na gari imekaa kama mkwe aliyenuna.

Ni Mgeni, anapita kwenda chuoni, juzuu kwapani,
aliyesimama nyuma akasema:
"Bi Sichana, taa huku haiwaki."
Nakanyaga. "Haiwaki."
Nakanyaga. "Wallahi haiwaki."

Aa.

Kumbe mguu wangu unasema na hausikiki.
Kuna kiswichi hapo chini, hakizidi kokwa ya ukwaju,
kazi yake kupeleka habari:
kakanyaga, washa taa; kakanyaga, mwachie gia.
Mjumbe kafa njiani
na huku mlangoni wanasubiri salamu.

Nakumbuka fundi Mbarouk, siku ya kumwaga oili,
alivyogusa kifuniko kando ya gia, kama ukucha wa kidole cha mwisho,
akasema, "Hiki ukijue."
Sikuuliza cha nini. Nilikuwa nahesabu chenji.

Nazima. Napandisha hendibreki.
Ncha ya kisu cha mkate inakibandua,
chini yake kitundu, naingiza ufunguo wa kabati,
nabonyeza polepole, huku navuta.

Tk.

Ikateleza kama punje ya tasbihi.
Shaame kauondoa mswaki mdomoni
asipate la kusema.

Kona ya Mzambarauni naingia mdogo mdogo,
mkono nje ya dirisha, nampungia alo nyuma:
napunguza mwendo, nipishe, napunguza.
Simu inalia. Ni Maskati.
Siipokei.
Mkono mmoja una usukani,
wa pili ndio taa.