Barua ya Nambari Tisa

Miaka ishirini na mitatu nimegawa barua Gerbergasse.
Najua nani anadaiwa umeme,
nani anaandikiwa na mwana aliye jela.
Majina ya mtaa huu nimeyashika kwa vidole,
ila matatu, chini, mbele ya nambari tisa,
hayajapata kwangu hata tangazo la duka la viatu:

HAPA ALIISHI
HUGO BLUMENAU
ALIZALIWA 1896
ALIHAMISHWA 1941
RIGA
ALIUAWA

Kisha Recha, mkewe: mwaka mwingine wa kuzaliwa, mwisho uleule.
Kisha Gerd, mtoto, na neno moja lililomtenga na wazazi:
ALITOROKA.

Vijiwe vya shaba, kila kimoja upana wa kiganja,
vimelazwa sawa na barabara.
Kujikwaa si kuanguka, tena hapa mguu haujikwai kamwe;
linalojikwaa ni jicho.
Na ukitaka kusoma sharti uiname,
na ukiinama, aliye dirishani atadhani unasujudu
au umeangusha funguo.

Bibi Irmtraud Köhnke wa kumi na moja ndiye anayevisugua,
magoti juu ya mto wa kochi,
mswaki uliochakaa, siki, chumvi, unga kidogo.
Niliwahi kumwambia nitamsaidia.
"Wewe gawa barua," akasema.

Basi Machi iliyopita ikaja moja kutoka Montevideo,
mwandiko wa kulala upande:
*Kwa yeyote akaaye karibu na Blumenau.*
Karibu na Blumenau!
Kanuni za posta hazina kifungu cha anwani hiyo.
Nikasimama mvuani, natazama chini, natazama milango,
nikabonyeza kengele ya kumi na moja.

Aliisoma amesimama. Halafu akaketi.
Ni mjukuu wa Gerd. Hadai nyumba, hadai fedha.
Anauliza tu: asubuhi jua huingia upande upi?
Babu alishikilia kwamba liliingia jikoni,
na nyumbani kwao hakuna aliyemwamini,
maana alisahau mengi.

Bibi akavuta droo.
Vijiko kumi na kimoja, kila mpini una herufi B.

"Nilikuwa na miaka mitano. Walinadi vitu hapo uani,
samani zote juu ya theluji.
Baba alinunua kabati kwa marki kumi na nane.
Droo tuliifungua tulipofika nyumbani.
Mama akasema, Mungu ametupa.
Nimekorogea chai vijiko hivi maisha yangu yote.
Cha kumi na mbili nilikipoteza mimi,
nikichimbia mchanga kando ya Weser."

Sikuwa na la kujibu. Mtu wa posta hubeba, hafungui.
Ila nilikiona kitambaa kilicholala droo ile,
kina madoa ya kijani,
yaleyale ninayoyaona kila Novemba
amepiga magoti nje.

Siku ya pili alibisha hodi nambari tisa,
mlango aliopita mbele yake miaka themanini,
akawaomba vijana waliopanga pale
wamwache akae jikoni mpaka kupambazuke.

Jumatatu akanikabidhi kifurushi.
Fomu ya forodha nilimjazia mimi, mkono wake ulikuwa haushiki kalamu.
Kilichomo? Vijiko.
Zawadi au bidhaa?
"Si zawadi. Andika: vinarudi."
Hakuna kisanduku cha kinachorudi.

Barua yake ilikuwa ya mstari mmoja, akanisomea:
*Jikoni, naam, saa mbili kasoro robo; linaanzia kwenye sinki.*

Thamani? nikauliza.
"Bei naijua," akasema. "Baba alipewa mpaka risiti."
Thamani, bibi. Hapa. Lazima tuandike kitu.

Alitazama nje, pale mtoto wa nambari nne
alipokuwa anaruka vijiwe, kimoja kimoja,
asikanyage hata kimoja.

Nikaacha wazi. Nikagonga muhuri hivyo hivyo.